Maswali Yenu ya Miti: Mtarakwa, Saiprasi na Podo, Nani wa Ukoo Upi?

Tangu tuandike juu ya miti ya asili ya Nairobi kwa toleo lililopita maswali yameingia mengi sana, na mengi yanazunguka ile miti mirefu ya majani membamba ambayo hapa mjini kila mtu anaiita sida tu, awe anaonyesha mtarakwa, saiprasi au hata mvinje. Basi leo tutakaa hapo hapo.

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi niko Ruaka, nilinunua posti za fensi kwa jamaa wa kando ya barabara akaniapia kabisa kwamba ni sida ya asili ya Narok. Hazijakaa sana, mchwa wamezila chini kwa chini zikaanza kuanguka moja moja. Jirani ananiambia hiyo ilikuwa saiprasi. Kwani saiprasi si ndio sida? Nieleze hii miti inatofautiana aje na kama ni ukoo mmoja. – Baba Wawili, Ruaka

JIBU: Pole sana ndugu, posti ni pesa na kuchimba mashimo upya ni pesa tena. Jirani yako anaweza kuwa amesema ukweli.

Sida yetu ya asili ni mtarakwa, vitabu vingine vya Kiswahili vinauita mwangati, Wakikuyu mutarakwa, Wamaasai oltarakwai, na ukitembea nchi hii utakuta majina ya mahali yametoka kwake, kuna Mutarakwa upande wa Limuru na Tarakwa kule Uasin Gishu, kwa hivyo ujue ni mti uliokaa na watu hapa zamani sana. Jina lake la kisayansi ni Juniperus procera. Saiprasi ile iliyojaa kwa misitu ya kupandwa, na ambayo mafundi wengi wa Nairobi ndio wanaijengea, ni Cupressus lusitanica. Hiyo kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, ililetwa huku wakati wa ukoloni kwa sababu inakua haraka na mbao zake zinapatikana bila kungoja kizazi kizima.

Sasa kuhusu ukoo. Zote mbili ni familia moja, Cupressaceae, ndio maana zinafanana umbo, majani ni magamba madogo yaliyobanana kwenye kitawi, na ganda la shina linachunika nyuzi ndefu ndefu. Lakini jenasi ni mbili tofauti. Jina la kisayansi lichukue hivi: neno la kwanza ni mbari, la pili ni la huyo mwenyewe, kwa hivyo mtarakwa na saiprasi ni watu wa kabila moja lakini mbari mbalimbali. Kwa ule mpangilio mrefu mtarakwa unasimama hivi, ufalme wa mimea, kundi la mimea ya mbegu isiyofunikwa na tunda, ngeli ya Pinopsida yaani konifa, miti inayobeba mbegu kwenye koni, oda ya Cupressales, familia ya Cupressaceae, jenasi Juniperus, spishi procera. Ukiona kitabu cha zamani kinasema oda ni Pinales usishtuke, zamani konifa zote ziliwekwa humo.

Aliyeupa jina ni Mjerumani Hochstetter, halafu Endlicher wa Austria akalichapisha mwaka 1847, na sampuli zilikuwa zimetoka milima ya Ethiopia. Jenasi Juniperus ina spishi zaidi ya 50 na karibu zote zinaishi kaskazini ya dunia, Ulaya, Asia, Marekani. Huu wetu ndio pekee uliovuka ikweta wenyewe ukaenda kusini, unaanzia milima ya Saudi Arabia na Yemen, unashuka Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania mpaka Malawi na Zimbabwe. Mimi hilo jambo linanifurahisha kila nikilifikiria, jenasi nzima imebaki huko juu na huu mmoja ukaamua kuja kwetu, tena ukawa mojawapo ya zile ndefu kabisa katika jenasi yake, maana mitarakwa mizuri inafika mita 30 mpaka 40.

Kuitofautisha usiangalie umbo, umbo litakudanganya, inua macho utafute mbegu. Koni ya saiprasi ni mviringo, ngumu kama ubao, ina vipande vinavyopasuka ikikauka na mbegu zinaruka nje. Ya mtarakwa haifanani na koni kabisa, ni kitu kidogo laini cha bluu iliyokolea, milimita 4 mpaka 8 hivi, kina unga unga juu, mtu atasema ni tunda la porini, lakini ni koni ambayo vipande vyake vimenenepa vikashikana, na ndege wanaila ndio wanapanda msitu. Mti mchanga wa mtarakwa pia una majani ya sindano yanayochoma, yale ya magamba yanakuja mti ukikomaa.

Kwa posti hakuna mbegu wala majani, hapo tumia jicho na pua. Mtarakwa moyo wake ni mwekundu wa kahawia na ukikata kidogo unanukia penseli mpya iliyochongwa. Hii si bahati, enzi za ukoloni mbao zake zilisafirishwa nje kutengenezea penseli, zikichukua nafasi ya ile juniperi ya Marekani, Juniperus virginiana. Huo moyo ndio mchwa hawautaki na ndio hauozi ardhini. Ile sehemu nyeupe ya nje hata ya mtarakwa wenyewe mchwa wanaila, kwa hivyo posti nyembamba iliyokatwa mti mchanga, nyeupe karibu yote, haitakusaidia hata kama kweli ni mtarakwa. Saiprasi isiyotiwa dawa ndani ya udongo wa Kiambu haikai.

Na jambo moja ndugu yangu, nalisema kwa moyo kabisa. Mtu akikuambia posti ni za mtarakwa wa msitu wa Narok muulize kibali kiko wapi. Kukata miti ya asili kwa misitu ya serikali kumepigwa marufuku tangu miaka ya 1980, na mazao ya msitu hayasafirishwi bila karatasi za KFS, lile shirika la serikali la huduma za misitu. Mti uliochukua miaka mia kukua ukikatwa usiku uende kushika senyenge huko Ruaka hiyo inaniuma sana. Nunua posti za mikaratusi zilizotiwa dawa, wauzaji wake wana stakabadhi.

SWALI: Shalom mtumishi. Je, mtarakwa wetu ndio ule mwerezi wa Lebanoni ambao Mfalme Sulemani alijengea hekalu? Mchungaji alisema hivyo na tukafurahi sana. – Mama wa Kwaya, Kayole

JIBU: Shalom mama. Sio huo. Mwerezi wa Lebanoni, ule Hiramu mfalme wa Tiro alimpelekea Sulemani, ni Cedrus libani na uko kwa familia ya Pinaceae, familia moja na misonobari. Majani yake ni sindano zinazotoka kwa vishada kwenye vitawi vifupi, na koni zake ni kubwa, zinasimama wima juu ya tawi na kumeguka hapo hapo juu. Mtarakwa hauna hata kimoja cha hivyo. Wazungu waliona mbao nyekundu yenye harufu na isiyooza wakauita sida basi jina likashika. Na kwa ule upande wa Pinaceae hakuna hata spishi moja ya asili kusini mwa Sahara, paini zote unazoziona huku zimeletwa, Pinus patula kutoka Meksiko na Pinus radiata kutoka California. Lakini mama furaha yenu msiiache, mtarakwa una sifa zile zile, unanukia na hauozi, na Waogiek wa Mau wanachonga mizinga ya nyuki kwa mbao zake mpaka leo.

SWALI: Niaje mwalimu, niko chuo nasomea mambo ya misitu. Kitabu kimoja kinasema podo ni Podocarpus gracilior, kingine Podocarpus falcatus, halafu lekchara anaandika Afrocarpus gracilior. Huu ni mti mmoja au mitatu? Nikiandika gani kwa mtihani nitapata maksi? – Mwanafunzi, Kikuyu

JIBU: Andika ya lekchara wako kijana, ndiyo ya sasa, lakini nataka uelewe kwa nini, sio kukariri tu.

Mjerumani Pilger aliuandika mwaka 1903 kama Podocarpus gracilior. Wakati huo karibu kila konifa ya kusini yenye jani bapa na mbegu moja moja ilitupwa kwa Podocarpus, ikawa jenasi kubwa iliyojaa vitu visivyofanana. Mwaka 1948 Buchholz na Gray wakatenga hizi za Afrika kama sehemu ndogo ndani ya Podocarpus wakaipa jina Afrocarpus, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Christopher Page akaipandisha ikawa jenasi kamili. Sababu tena ni mbegu. Kwa Podocarpus wa kweli, na hapa Kenya tunao, ule wa milimani wanaouita Podocarpus milanjianus na wengine wanauweka ndani ya Podocarpus latifolius, mbegu inakaa juu ya kikonyo kilichovimba chenye majimaji, kikiiva kinageuka rangi, na ndege wanafuata hicho. Kwa Afrocarpus kikonyo ni kikavu tu, ila mbegu yenyewe imevikwa nyama na ndani kuna gamba gumu sana. Baadaye uchunguzi wa DNA ukaonyesha Afrocarpus iko karibu zaidi na Nageia ya Asia na Retrophyllum kuliko Podocarpus yenyewe, kwa hivyo Page hakukosea kuitenga.

Hiyo falcatus sasa. Afrocarpus falcatus ni mti wa Afrika Kusini. Kuna wataalamu wanaoona wa kwao na wetu ni spishi moja, vitabu vya Ethiopia kwa mfano vinaandika falcatus kwa mti ule ule sisi tunaita gracilior. Wengine wanatenganisha, na hapa kwetu wengi wanatenganisha. Kwa hivyo majina matatu lakini mti uliouona wewe ni mmoja, muthengera wa Wakikuyu.

Familia ni Podocarpaceae, ambayo kwa mpangilio uliochapishwa na Christenhusz na wenzake mwaka 2011 iko oda ya Araucariales pamoja na Araucariaceae, ile familia ya araukaria zilizopandwa Arboretum. Yaani podo na mtarakwa zinaota msitu mmoja kule Kijabe lakini ziko hata oda tofauti. Na mbao zinakuonyesha hivyo, podo ni ya manjano iliyopauka, haina harufu, nzuri sana kwa dari na fanicha lakini ukiiweka ardhini inaoza.

Kama unataka kushika kwa mkono nenda pale Museum Hill, Hifadhi ya Mimea Kavu ya Afrika Mashariki iko ndani ya makumbusho, ina sampuli mamia ya maelfu na ni moja ya kubwa zaidi katika Afrika ya tropiki. Ukiwa na kitawi usichokijua kipeleke na mbegu zake, usipeleke majani peke yake utawapa kazi bure.

SWALI: Mimi ni wa darasa la nane. Mwalimu alisema konifa hazina maua. Nyumbani Kilifi tuna mvinje na una sindano na vikoni vidogo. Je, mvinje ni konifa? – Msomaji mdogo, Kasarani

JIBU: Swali zuri sana mpenzi, watu wazima wengi hawawezi kulijibu. Mvinje sio konifa. Ni mmea wa maua kamili, familia yake ni Casuarinaceae na jina ni Casuarina equisetifolia, maua yake ni madogo sana ndio huyaoni. Chukua kile unachokiita sindano ukivute taratibu, utaona kinakatika kwa pingili. Hicho ni kitawi, na majani ya kweli ni vimeno vidogo vidogo pale kwenye pingili. Ukivuta sindano ya paini haikatiki hivyo, ni jani moja zima. Na kile kikoni cha mvinje ni kishada cha matunda madogo yaliyoshikana, mbegu iko ndani ya tunda, lakini kwa konifa mbegu haijafungiwa ndani ya tunda, hiyo ndiyo tofauti kubwa mwalimu wako alikuwa anataka mshike. Ukienda likizo mwambie mzazi akupeleke Bamburi, machimbo ya mawe ya pale yalikuwa jangwa tupu mpaka René Haller akaanza kupanda miti mwaka 1971, na mvinje ndio ulioshika pale ambapo mingine mingi ilikufa.

SWALI: Ni kweli podo ndio mti mrefu zaidi Afrika? Tumebishana kwa matatu. – Abiria, Rongai

JIBU: Hapana. Mti wa asili mrefu zaidi uliopimwa Afrika ni Entandrophragma excelsum kwenye bonde moja la Kilimanjaro, mita 81.5, ilitangazwa 2016 na Andreas Hemp na wenzake. Huo ni mti wa majani mapana, familia ya Meliaceae, mmoja na mwarobaini. Podo na mtarakwa ni mirefu kati ya konifa zetu lakini huko hazifiki.

SWALI: Ua langu la saiprasi linakauka vipande vipande, linaanza ndani likija nje, na majani yana uchafu mweusi unaonata. Fundi wa bustani anasema ni jua. – Mama Karen

JIBU: Mama, jua halianzii ndani. Fungua matawi uangalie karibu na shina, nafikiri utakuta vidukari wa kahawia wamejipanga. Hao ni Cinara, vidukari wa saiprasi, waliingia Afrika wakaonekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, wakaua saiprasi nyingi sana. Wananyonya maji ya mti na mate yao yana sumu kwa mti, ndio tawi linakufa hata wakishaondoka, na huo uchafu mweusi ni kuvu inayoota juu ya maji matamu wanayomwaga. Kilichoniumiza mimi ni kwamba kwa sababu mtarakwa ni familia moja na saiprasi, waliuhamia nao. Hapo ndio unaona uainishaji sio mambo ya kwenye karatasi tu, mdudu anajua familia kuliko sisi. Wataalamu walileta nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, wakaanza kumwachilia Malawi mwaka 1994, anataga ndani ya kidukari na kummaliza. Kwa hivyo usipulize dawa kali kila wiki, utaua na huyo nyigu. Kata yaliyokufa uyachome, mwagilia wakati wa kiangazi maana mti wenye kiu ndio unaumia zaidi, na mahali palipobaki pengo panda podo. Podo iko familia nyingine, Cinara haimtishi, na inavumilia kukatwa makasi ikawa ukuta mzuri mzito.

SWALI: Nimepanda mtarakwa mmoja kwa ploti ya futi hamsini kwa mia, Kikuyu. Umekua vizuri, ni mrefu kuliko nyumba, lakini haujawahi kuzaa hata tunda moja. Nataka mbegu nipandie shule ya mtaa. Shida ni mbolea? – Mzee wa Mtaa

JIBU: Mzee wangu, asante kwa hiyo roho ya kufikiria shule. Mbolea sio shida. Mitarakwa kwa kawaida ina dume na jike, mti mbali mbali, na wako ukiwa dume hautazaa kamwe hata uumwagilie nini. Angalia ncha za vitawi msimu wa poleni, ukiona vikoni vidogo vya manjano vinavyotoa unga ukigusa basi ni dume. Ukiwa jike na hakuna dume karibu, unaweza kutoa koni lakini ndani mbegu ni tupu. Podo nazo ziko hivyo hivyo, kwa hivyo anayepanda kwa shule asipande mmoja, apande kikundi.

Kwa mbegu nenda KEFRI, ile taasisi ya utafiti wa misitu, pale Muguga, sio mbali na wewe, wanauza mbegu za miti ya asili na wanajua zimetoka msitu upi. Usivunjike moyo zikiota chache, mtarakwa una mbegu nyingi zisizo na kitu ndani, mwaga nyingi kwa kitalu halafu ungoje, zinaweza kuchukua mwezi au miwili. Miche ipandwe mahali peupe penye jua, usiifiche chini ya grevilea ukidhani unaisaidia. Huu mti kwa msitu hauoti vizuri chini ya kivuli cha wenzake, moto ukipita ukafungua ardhi ndio miche yake inajaa, baadaye mizeituni ya porini na miti ya majani mapana inaingia chini yake. Udongo mwekundu wa kwenu unaufaa kabisa, maji yasisimame tu. Wenzetu wa Embakasi na kule kwa udongo mweusi watapata taabu.

Na upande mbali na madarasa mzee, mita 10 au zaidi, kwa sababu hao watoto watakuwa wameshakuwa wazazi na mti bado unapanda juu.